Mashua ilipozimika katikati ya timbo

Huenda wewe pia ni mzazi wa mtoto asiyeweza kuona kitu chenye waya bila kukifungua. Kama ndiwe, basi keti tuzungumze, kwa maana yaliyonipata mwezi wa Agosti 2024 kati ya Ruiru na Thika sikuyatazamia hata kidogo, na tangu siku hiyo nimejifunza mengi kuhusu maji na redio kuliko yote niliyofunzwa chuoni nilikosomea uanahabari.

Ilikuwa Jumamosi, shule zimefungwa, na kile kibaridi cha Agosti ambacho wakazi wa Thika wanakijua vyema kilikuwa hakijaondoka ijapokuwa ilikuwa saa tano asubuhi. Kijana wangu, kifungua mimba, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 12, alikuwa ameshika rimoti kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kikombe cha chai moto. Mbele yetu palikuwa na timbo kuukuu, mojawapo ya yale mashimo makubwa yaliyoachwa wazi upande wa Juja na Ndarugo baada ya mawe ya ujenzi kukatwa na kubebwa kwa malori. Mvua ya masika ya mwaka huo, ile iliyoleta mafuriko nchini mwezi wa Aprili na Mei, ilikuwa imelijaza maji ya rangi ya kijani yaliyotulia kama kioo. Kwa macho ya mtoto, na kwa macho ya baba yake pia, lilikuwa ziwa.

Mashua yetu ilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Iliondoka ukingoni ikinguruma, ikakata kona moja, ikakata ya pili, kijana akapiga kelele kwa furaha. Ilipofika umbali wa hatua 40 hivi ikazimika. Haikupinduka wala haikuzama. Ilikaa tu pale katikati ikigeuka polepole, kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Mimi niliitazama rimoti. Nikabonyeza huku na kule, nikaitingisha, nikaigeuza kuangalia betri. Hilo ndilo kosa langu, msomaji, na ninalikiri waziwazi: niliitazama rimoti badala ya kumtazama mtoto. Nilipoinua macho, viatu vyake vilikuwa vimepangwa vizuri kando ya jiwe, soksi ndani ya viatu, naye alikuwa amekwisha kuingia majini hadi magotini.

Ni lazima ujue timbo la mawe limejengeka vipi. Si kama mto, ambao ukingo wake hushuka kidogo kidogo. Mashine hukata mawe kwa ngazi, na kila ngazi imenyooka kama ukuta wa nyumba. Unasimama juu ya ngazi ya kwanza maji yakiwa magotini, unapiga hatua moja mbele, na chini ya wayo wako hakuna kitu. Kijana wangu alikuwa amebakisha hatua hiyo moja. Sikumbuki nilivyofika pale. Ninachokumbuka ni sweta yake ya shule mkononi mwangu ikivutika, na sauti yake ikisema, “Baba, nilikuwa naenda kuichukua tu.”

Mashua tuliipata baadaye. Vijana wawili waliokuwa wakipakia mawe upande wa pili walikuja na kamba ndefu waliyoifunga kwenye mtungi wa plastiki uliotiwa maji nusu, wakaurusha ng’ambo ya mashua na kuivuta kamba taratibu hadi ikaileta ukingoni. Niliwapa shilingi 200. Mmoja wao alizipokea, akaniangalia, kisha akamwangalia mtoto aliyekuwa akitetemeka ndani ya koti langu. “Mzee, hapa si mahali pa kuchezea,” akasema. “Mwaka jana tulimtoa mmoja hapa. Yeye alikuwa amekuja kuogelea.”

Katika matatu ya kurudi Ruiru hatukusemezana. Nilikuwa nikipanga moyoni jinsi nitakavyomweleza mama watoto, au, niseme ukweli, jinsi ambavyo sitamweleza. Lakini mtoto ni mtoto. Hatukuwa tumevua viatu mlangoni kabla hajaanza kusimulia yote, na akaongeza na chumvi. Mama watoto alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua ile mashua, akaiweka juu ya kabati la jikoni mahali ambapo hata mimi nahitaji kiti kupafikia, kisha akasema hataki kuiona ndani ya maji yoyote mpaka nimwambie kwa nini ilizimika.

Swali lake lilikuwa la haki. Kama mashua haingezimika, mtoto hangeingia majini.

Sasa nikueleze ilitoka wapi. Ganda lake nililipata kwa mchuuzi wa mitumba mjini Thika, lililotupwa katikati ya magari ya plastiki yasiyo na magurudumu na wanasesere wasio na mikono. Aliniuzia kwa shilingi 600. Ndani mlikuwa na mota, chuma cha kuzungushia rafadha (kile kipangaboi kidogo kinachosukuma maji nyuma) na usukani. Hamkuwa na rimoti wala risiva, yaani kile kipokezi kinachonasa mawimbi ya rimoti na kuamuru mota iende au isimame. Hivyo viwili nilivinunua Nairobi, katika mojawapo ya vile vibanda vya Barabara ya Luthuli ambako kila kitu kina waya. Muuzaji aliniapia kwamba risiva ile haiingii maji. “Hii hata ukiichemsha na maharagwe,” akasema, nami nikacheka na kulipa.

Wewe unayesoma haya huenda ulikua kama nilivyokua mimi, katika mitaa ya Makongeni, ambako mashua ilikuwa slipa kuukuu iliyokatwa kwa wembe na kuchomekwa kijiti. Tuliiweka kwenye mtaro wakati wa mvua na kuikimbilia. Mashua ya namna hiyo haiharibiki kwa maji. Nadhani ndiyo sababu sikufikiria. Niliibandika risiva kwenye sakafu ya ganda, chini kabisa, kwa gundi ya pande mbili, nikaufunga mfuniko kwa tepu nyeusi ya umeme, nikajiona fundi.

Jumatatu iliyofuata tulipanda matatu kwenda Thika, mimi na kijana, mashua ikiwa ndani ya mfuko wa sukari. Kule Makongeni kuna mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza redio za mtaa mzima nilipokuwa mdogo, tangu zile siku ambazo idhaa yetu iliitwa Sauti ya Kenya, kabla ya kuitwa KBC mwaka wa 1989. Siku hizi hutengeneza zaidi vipaza sauti vya makanisa na chaja za simu. Nilimkuta amekaa palepale, miwani imefungwa kwa uzi, chuma cha kulehemu kikifuka moshi mezani.

Aliifungua mashua bila kuuliza swali lolote. Akainusa. Akaiinamisha, na kutoka pembeni mwa sakafu maji kiasi cha kijiko cha chai yakatiririka mezani.

“Haya yalipitia wapi?” akamwuliza kijana wangu.

“Juu, Guka. Kwa mfuniko.”

“Angalia tena.”

Mzee akaizungusha ile rafadha kwa kidole. Chuma chake hupita ndani ya mrija mwembamba unaotoboa ganda la mashua na kutokea nje nyuma, chini ya maji. Mrija ule ulikuwa mkavu kabisa, hauna hata tone la grisi. Maji yalikuwa yakiingia kwa mlango wa nyuma huku mimi nikiziba dirisha la mbele. Kila mashua ilipokwenda kasi maji yalipanda na kumwagika ndani, yakakusanyika sakafuni, na sakafuni ndipo nilipomlaza yule mgeni wangu wa bei ghali.

Alipoifungua risiva yenyewe, sote watatu tuliinama kutazama. Kibao chake ni kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Kwenye miguu ya vile visehemu vyake vidogo palikuwa pameanza kuota kitu cha kijani, kama ukungu wa mkate. Mzee alitueleza kwamba maji safi kabisa hayapitishi umeme sana, lakini maji ya timbo, ya mto na hata ya kisima yana chumvi na uchafu ndani yake, na umeme hupita humo ukakutana na umeme mwingine usiopaswa kukutana nao. Kisha shaba huanza kuliwa. Unaweza kuikausha risiva, ikafanya kazi wiki moja, halafu ikafa siku ambayo huitarajii, kwa sababu ile kutu iliendelea kula.

“Ulipoitoa majini ulifanya nini kwanza?” akaniuliza.

Nikasema nilijaribu kuiwasha.

Hakunitukana, maana ni mtu mzima mwenye heshima zake, lakini alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu. Jambo la kwanza, akasema, ni kuchomoa betri, hata kabla ya kujifuta maji mikononi. La pili ni kuisuuza kwa maji safi ikiwa yale iliyoangukia ni machafu au ya chumvi, kisha kuisuuza kwa spiriti safi isiyotiwa mafuta, kwa kuwa spiriti hufukuza maji na kukauka haraka. Halafu iachwe wazi penye hewa kwa siku mbili, mbali na jiko. Kuhusu hii desturi yetu ya kufukia simu na redio ndani ya mchele, alisema mchele ni wa kupika.

Risiva yetu ilikuwa imekwenda. Nilinunua nyingine, na safari hii sikuuliza kama haiingii maji. Wiki mbili zilizofuata, kila alasiri ya Jumamosi tulikuwa kibandani kwa mzee, nami nikawa mtazamaji tu, kwani kazi yote aliifanya kijana wangu huku mzee akimwelekeza kwa kidole.

Kwanza walimtafutia mgeni chumba cha juu. Walichukua kikopo kidogo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, kile ambacho akina mama huwekea watoto njugu za shule, wakakibandika juu ya kijukwaa cha mbao kilicho karibu na sitaha. Maji yakiingia hata kidole kizima sakafuni, hayamfikii. Waliziweka mota na risiva mbali kadiri ganda lilivyoruhusu, maana mota hizi za brashi hutoa cheche na cheche hizo ni kelele kwa redio. Mzee alilehemu vidude vitatu vidogo vya kapasita kwenye mota ili kuzinyamazisha. Kile kifaa cha kudhibiti mwendo, ambacho hupata joto sana, alikataa kabisa kisitiwe ndani ya kikopo pamoja na risiva. “Utawapika wote wawili,” akasema.

Kisha yakaja matundu ya waya. Mimi ningetoboa chini, penye urahisi. Mzee alitoboa ubavuni, karibu na kifuniko, matundu membamba kiasi kwamba waya ilibidi usukumwe, akayavisha kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Tena hakuuvuta waya ukanyooka. Aliuacha ulegee ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia kikoponi. Tone la maji likitambaa juu ya waya hufika pale chini penye mbinuko na kudondoka, badala ya kuufuata waya hadi ndani. Nilipoliona hilo nilikumbuka waya wa umeme unaoingia nyumbani kwetu ulivyofungwa vivyo hivyo, nami nimeutazama miaka yote nikidhani ni uzembe wa mafundi.

Kuhusu silikoni ya kuzibia nilipata somo jingine. Nilikuwa nimenunua ile ya kawaida ya dukani, ile ya kuzibia masinki. Mzee aliifungua, akaninusisha. Harufu ya siki. Alisema harufu hiyo ni asidi inayotoka inapokauka, na ukiifungia pamoja na shaba ndani ya kikopo kidogo, umejitengenezea kutu kwa mkono wako. Ama utafute ile isiyonuka siki, ama uibandike kikopo kikiwa kitupu na wazi, uiache ikauke siku nzima na zaidi mpaka harufu iishe, ndipo uingize risiva. Sisi tulifanya hilo la pili kwa sababu pesa zilikuwa zimepungua.

Kibao chenyewe kilipakwa rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, kwa ile brashi yake ndogo. Kijana alikwepa pini za kuchomekea waya kwa uangalifu mwingi hata nikamwonea huruma, ulimi umetoka nje kama anayeandika mtihani. Rangi ile ilikuwa ya mama yake. Aliiomba mwenyewe, naye mama akampa bila kuniangalia mimi.

Mimi nilileta wazo langu moja, nalo likakataliwa. Nilikuwa nimesikia kwamba watu huvalisha risiva puto la watoto na kulifunga shingo. Mzee alikubali kwamba puto husaidia, lakini akaniuliza kama ninajua grisi na mafuta hufanya nini kwa mpira wa puto. Huulainisha na kuuozesha. Ndani ya mashua yenye mrija uliojaa grisi, puto lingekuwa limekwisha kabla ya Krismasi, na mtu angeendelea kulitumainia kwa sababu bado analiona pale.

Kuhusu eriali, hapo ndipo mwalimu alipofundishwa. Mzee alikulia kwenye redio ambazo eriali ikiwa ndefu ndiyo bora, na zile rimoti za zamani za megahezi 27 risiva zake kweli zilikuwa na waya mrefu uliotandazwa mashua nzima. Alikuwa ameshika mkasi tayari kuunganisha waya wa mita moja. Kijana akamshika mkono. “Guka, hapana. Imeandikwa kwenye karatasi.” Risiva za siku hizi hutumia gigahezi 2.4, na wimbi lake ni fupi sana, sentimita 12 na nusu hivi. Sehemu inayonasa mawimbi ni ile ncha tu iliyovuliwa ganda, kama milimita 31, yaani robo ya wimbi. Ukiirefusha au kuikata umeiharibu. Mzee alisoma ile karatasi, akaisoma tena, kisha akacheka mpaka jirani muuza viazi akaja kuuliza kuna nini.

Lakini mawimbi hayo mafupi yana adui, naye ni maji. Yanakaribiana sana na yale ya jiko la maikrowevu, ambalo hupasha chakula kwa kuwa maji yaliyo ndani ya chakula huyameza mawimbi hayo. Kwa hiyo eriali iliyo chini ya usawa wa maji haisikii kitu hata kama risiva ni kavu kama mfupa. Waliipandisha ncha ile ndani ya mrija wa kunywea soda uliosimama juu ya sitaha kama mlingoti, wakauziba juu kwa tone la gundi ya moto. Mashua ikapendeza kweli, msomaji. Ikawa na mlingoti.

Nikiwa pale niliwaza juu ya ndugu zetu wa Lamu, ambao kazi hii ya kuzuia maji waliijua kabla ya umeme kuzaliwa. Nyufa kati ya mbao za jahazi hutiwa kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta na kugongwa kwa patasi hadi ndani, na chini ya chombo hupakwa shahamu, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama. Hata hivyo baharia hatarajii ngama iwe kavu. Anajua maji yataingia, naye huweka mtu wa kuyafua. Mzee alipoujaza mrija wa rafadha grisi nzito kwa bomba la sindano hadi ikatokea upande wa pili, alisema jambo lilo hilo: itajazwa tena kila baada ya safari chache, na maji yataingia tu. Kwenye pua ya mashua alishindilia vipande vya ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni, ili hata ikijaa isizame.

Nilimsimulia kijana kwamba mtu wa kwanza kuonyesha umma mashua inayoongozwa kwa redio ni Nikola Tesla, mjini New York mwaka wa 1898, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, katika tangi la maji. Mwaka huohuo alipewa hataza yake huko Marekani. Wakati huo hata reli yetu kutoka Mombasa ilikuwa haijafika mahali ambapo leo ni Nairobi. Kijana aliniuliza Tesla alizuiaje maji yasiingie. Nikamjibu kwamba mashua yake ilikuwa na ganda la chuma lenye mfuniko, na kwamba alichagua tangi ndani ya nyumba na si timbo. Akaangalia chini. Lile la timbo lilikuwa bado liko kati yetu, na nadhani nililisema vibaya.

Jaribio la kwanza tulilifanya nyumbani, kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, mota ikiendeshwa dakika kumi huku mashua imeshikwa kwa mkono. Mzee alikuwa ametupa hila yake: ndani ya kikopo uweke kipande cha karatasi ya chooni kilichochorwa kwa kalamu ya wino. Tone dogo tu likiingia, wino husambaa. Tulipofungua, wino ulikuwa umesambaa.

Kijana nusura alie. Tuliziba tena, tukajaribu tena, na wino ukasambaa tena, lakini safari hii tuliona umande upande wa ndani wa kifuniko. Hakuna maji yaliyoingia. Tulikifunga kikopo jikoni, sufuria ya githeri ikifuka mvuke kando yetu, kisha tukakitumbukiza kwenye maji baridi ya asubuhi ya Ruiru. Unyevu uliokuwa ndani ya hewa ukageuka matone. Tangu hapo tunakifunga nje penye hewa kavu, na ndani tunaweka kile kipakiti cha chembechembe unachokikuta ndani ya sanduku la viatu vipya. Watu wengi hukitupa. Usikitupe, ila ukiweke mbali na mtoto mdogo asije akadhani ni peremende.

Lilibaki jambo la mahali. Ndakaini, lile bwawa lililokamilishwa mwaka wa 1994 kule Gatanga, ni maji ya kunywa ya Nairobi na si ya kuchezea. Pale Thika mito ya Chania na Thika ina maporomoko, na mkondo wake ungeipeleka mashua Tana kabla hujapata matatu. Mabwawa yaliyotuama na yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho. Mwishowe niliandika barua, barua ya kweli ya karatasi, kwa msimamizi wa shamba moja la kahawa karibu na Ruiru lenye bwawa dogo la kunyunyizia mimea, lenye ukingo wa kushuka polepole. Alitukubalia Jumapili moja baada ya ibada, kwa sharti kwamba tuwe na mtu mzima ukingoni na tusiache takataka.

Mama watoto alisema atakuja. Hakusema amekubali, alisema atakuja. Alileta leso, chupa ya chai, na kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa mtungi wa lita tano uliotiwa maji nusu. Aliiweka kamba ile kando ya kiti chake bila maelezo.

Kabla ya kuishusha mashua, kijana alitembea nchi kavu na rimoti hadi hatua 60, mimi nikiishika mashua na kuangalia kama usukani bado unamtii. Kisha akaizima rimoti makusudi. Mota ikasimama papo hapo, kwa kuwa alikuwa ameifunza risiva, kwa kufuata ile karatasi, kwamba ikikosa sauti ya mwenye rimoti isimamishe mwendo badala ya kukimbia yenyewe. Akamwangalia mama yake kuona kama ameona. Alikuwa ameona.

“Na ikizimika kule katikati?” mama akamwuliza.

“Tunangoja upepo. Upepo ukikataa, tunarusha kamba.”

“Na upepo na kamba vikikataa vyote?”

Kijana alifikiri. “Basi inakaa huko.”

Akaishusha majini. Ilikwenda dakika 20 kamili, ikazunguka lile bwawa mara nyingi hata nikaacha kuhesabu, bata wawili wakaikimbia kisha wakaizoea. Mimi sikuitazama mashua sana. Nilitazama viatu vya kijana. Vilikuwa miguuni mwake, kamba zimefungwa.

Ilipofika ukingoni aliinua mwenyewe, akachomoa betri kwanza, akamimina kijiko kimoja cha maji kutoka sakafuni, akaifuta mikono kwa leso ya mama yake. Halafu akakifungua kikopo na kumpelekea karatasi ile. Mama watoto aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga. Ile nukta ya wino ilikuwa ndogo na nyeusi kama alivyoichora asubuhi.

Akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake, akatuuliza nani anataka chai.